Isale Haitumwi kwa Mtoto

Tabora,
18 Julai 1992

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila miguu bado imevimba na kichwa kinaendelea kuyumba kana kwamba sijashuka kwenye treni. Natumaini wewe na Baba hamjambo, na kwamba kifua cha Baba kimepata nafuu licha ya baridi ya Julai.

Nimefika shuleni salama na kupewa kitanda cha juu, karibu na dirisha. Basi lilitufikisha Dar es Salaam tukiwa na vumbi hadi kwenye kope, na kesho yake jioni nikapanda treni, daraja la tatu. Uliniambia nikipata kiti nisiinuke hata kwa kunywa maji. Nilifuata. Lakini hata mwenye kiti hapati usingizi, maana waliokosa viti wanakaa chini juu ya miguu yako, mzigo wa mtu usiyemjua uko magotini pako, na kila stesheni wanaingia wengine. Tulipopita Morogoro mhudumu aligawa vibao vya kuzibia madirisha, akasema wezi wa nje huchukua hata kilemba kichwani. Hewa ikawa nzito. Mtoto wa abiria mwenzangu alilia mpaka akachoka, akalala begani kwangu, nami nikaogopa kusogea nisimwamshe.

Dodoma tulifika asubuhi. Nikadhani tumekaribia, nikaanza kufunga vitu vyangu. Mama mmoja wa Kinyamwezi aliyekaa mbele yangu akacheka. "Mwanangu, hapa ndipo safari inaamka." Na kweli, ile nyika haina mwisho. Unasinzia, unaamka, unakuta mti ule ule.

Isale ya Baba niliishika mkononi njia nzima kama alivyoagiza, nimeizungushia kitambaa kibichi. Yule mama akaniuliza, "Hilo jani la nini, binti? Dawa ya tumbo?" Nikamweleza kwamba kwetu Wachaga mtu akimkosea mwenzake humpelekea jani la isale, na aliyepelekewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Akaligeuza geuza. "Jani moja tu hili?" Nikasema ndiyo. "Basi ninyi mnaishi kwa raha. Sisi hutoa mbuzi." Behewa zima likacheka, na mimi pia nikacheka, ingawa nilikuwa nimechoka karibu kulia.

Nikipata ruhusa ya kutoka nitakwenda kwa Shangazi Pudensiana. Lakini Mama, Baba hakuniambia alimkosea nini. Alisema tu, "Mpe, atajua." Ningependa kujua ninachokibeba. Nilikuwa mdogo shangazi alipokuja mara ya mwisho. Nakumbuka gauni la bluu likiteremka kati ya migomba, na wewe ukiita nyuma yake.

Mwanao,
Agnela


Kaloleni, Arusha,
6 Agosti 1992

Kwako Agnela mwanangu,

Marahaba. Barua yako tumeipata na tumemshukuru Mungu. Sisi tupo. Kifua cha baba yako kinakohoa asubuhi na jioni, mchana kinapumzika kwa kuwa mwenyewe anaita wateja. Tangu kiwanda kiwapunguze, ameizoea meza ya mitumba kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana: anatembea, ila uso unasema. Jioni tukirudi chumbani hatuna la kuzungumza. Tunachambua mashati, mazima huku, yenye matundu kule, mpaka mmoja anasinzia.

Umeniuliza, na ni haki yako. Mtu hapaswi kubebeshwa kitu amefumbwa macho.

Bibi yako alipofariki kule Nkoaranga, miaka minane iliyopita, baba yako alimpelekea dada yake telegramu. Unajua mila yetu, telegramu haitaji kifo. Aliandika, "Mama mgonjwa sana njoo." Watu wakajaa kihambani, kwenye migomba aliyoipanda babu yako alipohamia Meru. Mvua ilikuwa inanyesha, padre alikuwa na mazishi mengine upande wa pili wa mlima, wazee wamelala wameketi kwa siku kadhaa. Wakamwuliza baba yako, "Tumngoje dada yako, au tuzike?" Mimi nilikuwa nimesimama hapo na sufuria mkononi. Akasema, "Treni ya kule ni ya kubahatisha. Huenda hata hajapanda. Tuzike."

Tukazika. Keshokutwa yake asubuhi shangazi yako akatokeza kwenye kilima, amekumbatia kopo la asali ya Tabora ya kumlainishia mama yake koo. Hakujua lolote. Alijua alipoona udongo mbichi. Hakulia. Alimwuliza baba yako jambo moja tu: "Ludo, ulishindwa kuningoja?" Na baba yako, ambaye angenyamaza ingekuwa heri, akajibu, "Watu walikuwa wamechoka."

Shangazi yako akajitazama, vumbi kuanzia nywele hadi viatu. Akaliweka kopo chini pale langoni, akageuka. Nilimkimbilia mpaka barabarani. Hata maji hakunywa.

Ile asali hakuna aliyethubutu kuila. Ilikaa darini mpaka sisimizi wakaijua njia.

Hao ni ndugu wawili tu, hakuna wa tatu. Baba yako hasemi, lakini tangu akose kazi anapanda Nkoaranga kila Jumapili, anakaa pale kaburini mpaka jua linazama nyuma ya Meru. Nenda mwanangu. Mwamkie shangazi yako vizuri kwanza, ndipo umpe.

Mama yako


Tabora,
30 Agosti 1992

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na kazi. Mimi sijambo, masomo yanaendelea, ila maji ya huku yana chumvi na jua linaanza kuwaka mapema. Mpe Baba pole ya kifua.

Ruhusa ilichelewa sana. Isale niliiweka kwenye kikombe cha maji chini ya kitanda, na wenzangu wakanitania kwamba nafuga bustani. Jana ndipo nilipoipeleka, ncha yake imeanza kuwa njano.

Shangazi anashona sare za shule karibu na soko, kwenye baraza ya nyumba yake. Nilimjua kwa mabega, ni ya Baba kabisa. Nikapiga goti. "Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Wewe wa nani?"

"Wa Ludovick."

Hakuinua macho. Alikanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno, ndipo akasema, "Umekula?"

Akanipikia mtori. Akaniomba radhi kwa ajili yake. "Ndizi za huku hazijui mtori, zinajifunza tu." Alinitazama nikila mpaka nikaona haya, akasema nina mikono ya Bibi. Nikadhani huo ndio wakati wake. Nikanawa, nikaitoa isale, nikampa kwa mikono miwili.

Mama, hakuipokea. Alijifuta mikono kwa khanga na kuikunja kifuani.

"Hii imekatwa wapi?"

"Nkoaranga, Shangazi. Pale kwenye kaburi la Bibi."

"Na nani?"

"Na Baba mwenyewe."

"Halafu akakupa wewe."

"Ndiyo."

"Agnela, isale haitumwi kwa mtoto, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Aliyekosa anaishika mwenyewe. Akiogopa sana, mzee wa ukoo anaishika na yeye anakuja nyuma yake, ameinamisha kichwa. Baba yako analijua hilo. Aliyemfundisha ni Mae yule yule aliyenifundisha mimi." Anamwita Bibi "Mae", kama wanavyomwita mama kule kwetu. "Irudishe."

Nililia. Nilijua kwamba kukataa isale ni jambo la kutisha, na nikaona kama ni mimi niliyelileta. Akanisogelea, akanishika bega. "Usilie. Wewe si isale, wewe ni mwanangu. Njoo ule hapa kila wakikuruhusu. Ila jani hilo lisivuke tena mlango wangu bila mwenyewe."

Kuna jambo lingine, na sijui kama ni vizuri kuliandika, lakini naona ni lazima mlijue. Nikiwa pale walikuja akina mama wa jumuiya yao, wana chama cha kuzikana. Kiongozi wao akaniambia kwa furaha, "Kumbe Pudensiana ana ndugu! Mbona yeye ameandikisha azikwe hapa hapa, asisafirishwe?" Shangazi akaendelea kupima kitambaa kama vile wanazungumzia sketi. Mama, Mchaga gani anazikwa mbali na kihamba chao kwa kupenda?

Nilipokuwa naondoka niliona mlangoni mwake kuna mche wa isale, mrefu kunipita, udongo wake umelowa. Tabora yote imekauka, huo umelowa. Alisema Bibi alimpa chipukizi alipohamia huku. Nikamwuliza ni wa nini.

"Wa kivuli," akasema.

Isale haina kivuli, Mama.

Mwanao,
Agnela


Kaloleni, Arusha,
20 Septemba 1992

Agnela mwanangu,

Marahaba mama. Nashukuru u mzima, sisi tunajikongoja. Jumapili kuna mechi uwanjani na kelele zote zinaingia chumbani, lakini siku hizi nalala katikati ya magoli.

Barua yako nilimsomea baba yako yote, sikuruka neno. Alipofika, yaani nilipofika mahali pa kukataliwa isale, akasimama. "Amekataa? Amekataa isale ya kaburini kwa mama yetu? Basi mimi nimemaliza. Dhambi sasa ni yake." Akazunguka chumba, na unakijua chumba chetu, kuzunguka kwenyewe ni hatua mbili na kitanda. Nikamwacha. Nikaendelea kusoma hadi pale pa chama cha kuzikana. Akakaa. Akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma tena. Chai yake ilipoa, akalala bila kuinywa.

Jumapili akapanda Nkoaranga, akapita kwa Mzee Ndesanjo, yule mkubwa wa ukoo. Nadhani alitaka kusifiwa. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza, "Ludovick, ulimtuma mtoto akuombee msamaha? Na kuoga ungemtuma akuogee?" Amerudi amenuna, matope mpaka magotini. Yote haya amenisimulia mwenyewe, ndipo nikajua yamemwingia. La sivyo angesema tu njia ilikuwa inateleza.

Lakini hasemi atakwenda. Anasema kifua. Anasema nani atakaa mezani, kana kwamba mimi ninakaa juu ya mti. Jana ameniambia nikuandikie umwombe shangazi yako aje Krismasi, kama Wachaga wote wanavyorudi nyumbani, naye atachinja mbuzi na kusema mbele ya ukoo kwamba alikosa. Kwake hilo ni kubwa, mwanangu. Mwambie hivyo shangazi yako. Mwambie na mimi wifi yake namwamkia, na sijasahau kwamba aliondoka bila kunywa maji yangu.

Mama yako


Tabora,
18 Oktoba 1992

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mnaendelea vizuri. Mimi nilishikwa na malaria, nimepona, Shangazi aliniletea uji bwenini kila siku mpaka matroni akamzoea. Msiwe na wasiwasi.

Maneno ya Baba nimeyafikisha yote, hata la mbuzi. Alikuwa anatia vifungo kwenye shati. Akasema, "Mwambie nilishakuja." Nikadhani amemaliza, lakini akaweka shati chini.

Alinieleza safari ile. Alipopata telegramu alipanda treni siku ile ile, akakosa kiti. Kutoka Tabora mpaka Dodoma alisimama, amekumbatia lile kopo ili asali isimwagike. Njiani kichwa cha treni kikaharibika, wakakaa porini wakingoja kingine. Watu walishuka wakapika. Yeye hakushuka, aliogopa treni itaondoka amwache. Kila iliposimama alisema moyoni, "Mae, ningoje. Ningoje tu." Akaniambia, "Agnela, nilimwomba Mungu njia nzima amcheleweshe mama yangu. Sikujua kwamba nilipaswa kumwomba Ludo."

Nikamwokotea kifungo kilichoanguka.

Baadaye akasema, "Sitaki anichinjie mbuzi. Sitaki aseme neno mbele ya watu. Na apande ile treni. Akishuka hapa na isale mkononi mwake, mimi sitamwuliza kitu chochote."

Hilo ndilo jibu lake, na nimeliandika kama lilivyo. Mama, mimi nimechoka. Nabeba maneno ya watu wazima, na ni mazito kuliko sanduku langu. Lakini nikiyatua hapa njiani yataokotwa na nani? Kwa hiyo nakuomba, msomee Baba barua hii akiwa ameshiba, kifua kimetulia. Na umwambie kwamba ukikaa upande wa dirisha, ukiegemeza kichwa kwenye shuka iliyokunjwa, unaweza kusinzia kidogo.

Mwanao,
Agnela


Kaloleni, Arusha,
6 Desemba 1992

Agnela mwanangu,

Marahaba, na pole kwa malaria. Mshukuru shangazi yako kwa uji. Mimi sijambo, mgongo tu.

Baba yako anaondoka Jumanne.

Nilimsomea barua yako mara moja. Wiki mbili, tatu zikaenda, mpaka nikadhani imepita kama nyingine. Juzi tunachambua mashati akaniuliza, "Hivi kutoka Tabora mpaka Dodoma, mtu anaweza kusimama kweli?" Nikasema mimi sijui, sijafika. Akasema, "Alisimama na kopo la asali." Akakunja shati. Akalikunjua. Akalikunja tena.

Jana alikwenda Nkoaranga kukata isale, si jani tu, amekata na shina lake ili isinyauke njiani. Nikamwambia aichovye majini kila mahali atakapofika. Akanijibu, "Mama Agnela, mimi ni Mchaga wa kufundishwa isale?" Nikanyamaza, ingawa jibu nilikuwa nalo.

Nimemfungia ndizi za kuchoma, shuka na sweta. Kakohoa usiku kucha na bado anasema atakwenda. Nimempelekea shangazi yako telegramu, na safari hii nimeandika ukweli mtupu: "Ludo anakuja kwa treni." Barua hii huenda ikamkuta ameshafika. Wewe shule ikifungwa baki hapo kwa shangazi yako, uwapo.

Sijui kama nimefanya vizuri kumwacha aende na kile kifua. Lakini angebaki angekufa kwa kitu kingine.

Mama yako


Kaloleni, Arusha,
20 Desemba 1992

Agnela,

Salamu nyingi. Andika upesi. Redio imesema mvua imechukua tuta la reli upande wa Kilosa, treni zimesimama. Baba yako sijui yuko upande gani wa maji. Hakuna telegramu, hakuna aliyemwona. Kila anayetoka Dar namwuliza, na kila mmoja ananipa pole kama vile kuna msiba.

Wachaga wenzetu wanafunga mizigo kwenda nyumbani Krismasi, Kaloleni inabaki tupu. Wananiuliza, "Baba Agnela mtamngoja, au utapanda Nkoaranga peke yako?" Nasikia neno hilo nanyong'onyea. Miaka yote nilidhani kungoja ni kazi ya mtu aliyekaa. Kumbe kunachosha kuliko safari.

Nangoja.

Mama yako


Tabora,
27 Desemba 1992

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, shikamoo tena. Baba yupo hapa. Ni mzima. Nimelitanguliza hilo ili ukae chini usome mengine umetulia. Telegramu tutaituma kesho posta ikifunguliwa, maana wamefunga kwa sikukuu, na huenda ikaitangulia barua hii.

Telegramu yako ilipofika Shangazi aliisoma, akaiweka chini ya cherehani, akaendelea kushona. Sikujua amefikiri nini. Siku ya treni ya Baba ikapita bila treni. Lakini siku tatu kabla ya Krismasi, iliposemekana kwamba waliokwama watavushwa, alinyoosha gauni lake, akajaza chupa ya chai, akabeba kigoda na mkeka. Akaniambia, "Twende."

Stesheni wakatuambia reli bado imekatika, treni haijulikani itafika lini, turudi nyumbani, tutasikia honi. Watu wengi wakaondoka. Shangazi akaweka kigoda chake ukutani akakaa. Jua likazunguka. Nikamwambia, "Shangazi, twende ukapumzike, utaumwa."

Akanijibu, "Waliochoka waende. Mimi nangoja."

Sikumwambia tena. Tulilala pale pale kwenye mkeka, na kesho yake tukawa hapo hapo, nami nilikwenda nyumbani mara moja tu kuleta chakula. Mwuza karanga akamtania, "Mama, huyo mume atakuwa wa dhahabu."

"Si mume. Ni mdogo wangu. Hajazoea kusafiri."

"Maskini! Ana umri gani?"

"Ana mvi."

Watu walicheka sana, na Shangazi akatabasamu kidogo, tabasamu la kwanza nililoliona tangu tufike pale. Kisha akaniuliza polepole, "Ana sweta?" Nikasema umemfungia.

Siku ya tatu mchana ndipo treni iliingia, ikitambaa, watu wakining'inia milangoni. Walishuka wote, Baba simwoni. Alishuka mwisho. Mama, usingemjua. Amekonda, matope yamemkaukia, kiatu kimoja kimepasuka. Na mikono mitupu. Alimwona dada yake akasimama mbali, hakusogea. Shangazi naye hakusogea. Nikasimama katikati yao, sijui niende wapi, halafu nikamkimbilia Baba nikamwamkia, na bila kuitika akaanza kueleza, lakini maneno yalipita juu ya kichwa changu, yakimwelekea Shangazi.

Walikwama kwenye stesheni ndogo karibu na mahali palipokatika, siku nyingi. Walilala nje kwenye nyasi. Yeye alikuwa akiichomeka isale kwenye matope karibu na kichwa chake ili isinyauke, hakuiacha hata alipokwenda kutafuta maji. Kulipokucha siku ya mwisho, kabla ya kuvushwa kwa miguu kwenda kwenye treni nyingine, akaamka akaona mbuzi anamalizia jani la mwisho.

"Nilimkimbiza kwenye reli," Baba akasema. "Nilimkimbiza na kiatu mkononi. Watu wakacheka. Mgogo mmoja akaniambia, 'Mzee, ni jani tu.' Dada, mbuzi ameila. Nikasema nirudi nikakate nyingine, lakini hata kurudi hakukuwa na njia." Alikuwa hatanii, Mama. Machozi yalikuwa yanapita kwenye matope.

Shangazi akakunja mkeka. Akachukua kigoda. "Umekula?" akamwuliza.

"Sijala."

"Haya, twende."

Tulikwenda, Shangazi mbele, mimi na mzigo, Baba nyuma kabisa, ameinamisha kichwa. Tulipofika Baba alitaka kukaa kwenye ngazi. Shangazi akainua mkono. "Simama hapo hapo." Akaenda kwenye ule mche wake, akatafuta jani lililonyooka, akalikata kwa mkono. Akaja akaliweka kwenye kiganja cha Baba na kuvifunga vidole vyake juu yake, kimoja kimoja, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo. Kisha akaingia ndani, akageuka, akasimama mlangoni wima kama mwenye nyumba aliyejiwa na mgeni.

"Haya, Ludo. Bisha hodi."

Baba akasema hodi, nusu yake haikutoka. Akapiga magoti, na isale kwenye mikono miwili. Shangazi akaitazama muda mrefu. Akaipokea.

"Karibu. Umechelewa."

"Treni, Dada."

"Najua," Shangazi akasema. "Najua."

Hakumwuliza kitu kingine, kama alivyoahidi. Alimpa maji ya kuoga, kisha ya kunywa. Baba alilala siku hiyo na siku iliyofuata, nasi tulikwenda misa ya Krismasi tukarudi tukamkuta bado amelala. Shangazi alikuwa akiingia kila mara kumsikiliza kifua. Alipoamka akala mtori bakuli mbili, akasema ndizi hizi zina kasoro. Shangazi akamwambia, "Ungekuja mapema ungezifundisha." Ndiyo mara ya kwanza nawasikia wakicheka wote wawili. Kicheko chao ni kimoja.

Sitaki kukuandikia zaidi ya ninachokijua. Jina la Shangazi bado liko kwenye kile chama, na sijamwuliza. Wanasema reli itatengenezwa mapema mwaka mpya, na Baba atarudi mara itakapofunguliwa. Shangazi hajasema kama wataongozana, na Baba hamwulizi. Wanakaa barazani jioni, wamechoka wote, mmoja anachambua vifungo, mwingine anakohoa.

Lakini leo asubuhi nimemsikia Shangazi akimwelekeza jirani namna ya kumwagilia isale, maji kidogo tu, jua likishatua. Na nyuma ya mlango kuna kopo la asali, mfuniko wake umezibwa kwa nta ili isimwagike.

Mama, wakichelewa, wangoje.

Mwanao,
Agnela